Uhalisia na Wepesi Vinapogongana: Utatuzi wa Matatizo katika Kanuni za Michezo ya Vita ya Sanamu Ndogo

Mtu anayetunga kanuni za mchezo wa vita wa sanamu ndogo, yaani pigano linalochezwa mezani kwa sanamu za askari, dadu na rula, au anayerekebisha kanuni alizozikuta, hupokea malalamiko ambayo kwa sehemu kubwa ni yaleyale: mchezo hauishi, matokeo hayaaminiki, silaha hazifiki, vikosi havikimbii, watu wanabishana. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili hizo. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachokutwa mara nyingi kimetangulia na kile cha nadra kimewekwa mwisho, na ukaguzi usiohitaji kubadilisha neno lolote umetangulia marekebisho yanayogusa mfumo wenyewe.

Kabla ya kugusa chochote, andika kwenye karatasi jibu la swali moja: mchezaji anashika cheo cha nani? Anayeongoza seksheni ya watu kumi anahitaji kujua nani ameishiwa risasi na nani amejibanza nyuma ya ukuta. Anayeongoza brigedi hahitaji kujua, kwa kuwa brigedia halisi hakuyaona hayo wala hakuyaamua. Ninalitanguliza swali hili kwa sababu hitilafu nyingi zilizoelezwa hapa chini, hata zile zinazoonekana kuwa za hesabu au za lugha, zina mzizi mmoja: kanuni zinamtaka jenerali afanye kazi ya koplo. Uhalisia unaostahili kutetewa ni ule wa maamuzi yaliyomkabili mwenye cheo hicho na wa matokeo yaliyomfikia. Yaliyo katikati yanaweza kufupishwa bila hasara.

Dalili ya kwanza: zamu moja inamaliza nusu saa na mchezo hauishi

Anza na saa ya mkononi. Katika mchezo mmoja mzima, andika muda unaotumika kufikiri, kupima, kutupa dadu na kutafuta kanuni kitabuni. Ikiwa muda mwingi unakwenda kwenye kutafuta, kanuni zenyewe huenda hazina kosa. Kinachokosekana ni karatasi moja ya muhtasari iliyopangwa kwa mfuatano wa zamu. Ikiwa unakwenda kwenye kufikiri, weka kikomo cha muda, jambo ambalo mwandishi Mwingereza H. G. Wells alikwisha kulifanya katika kanuni alizozichapisha mwaka 1913. Kikomo hicho kina uhalisia wake pia, maana hakuna kamanda aliyewahi kusubiriwa na adui amalize kutafakari.

Muda ukionekana unakwenda kwenye dadu, kisababishi cha kawaida ni mitupo mingi kwa tukio moja. Chukua mfumo ulioenea sana. Mpigaji hutupa dadu ya pande sita na kulenga sawasawa akipata 4 au zaidi. Kisha hutupa tena, na jeraha humtoa askari vitani kwa 4 au zaidi. Hatimaye mlengwa hutupa dadu ya kinga na kuokoka kwa 5 au 6. Uwezekano wa risasi moja kumwondoa askari ni nusu mara nusu mara theluthi mbili, yaani moja kwa sita, ambao ni uwezekano uleule wa kutupa dadu moja na kupata 6. Hata mtawanyiko wa matokeo haubadiliki: mpigaji mwenye dadu kumi atapata hasara zilezile, kwa viwango vilevile vya bahati, akitupa mara moja au mara tatu. Kilichopotea ni muda, na kilichopatikana ni hisia tu ya kwamba jambo zito limehesabiwa.

Hata hivyo, usikimbilie kufuta. Hatua ya pili ina haki ya kubaki iwapo kuna jambo linaloibadilisha peke yake na ambalo mchezaji analiamua, kama vile kuchagua kombora la kutobolea kifaru badala ya lile la mlipuko. Hatua ya tatu ina faida ya kumpa mlengwa kitu cha kufanya wakati wa zamu ya mwenzake, na kwa wachezaji wengi faida hiyo ni kubwa kuliko hesabu inavyoonyesha. Kama hakuna lolote kati ya haya, unganisha mitupo yote kuwa mmoja.

Kisababishi cha pili ni orodha ndefu ya nyongeza na punguzo, yaani namba zinazoongezwa au kutolewa kwenye matokeo ya dadu kulingana na hali. Katika michezo michache ijayo, weka alama kila mara kipengele kimoja kinapotumika. Vile visivyopata alama vifutwe. Vile vinavyotumika kila mara viingizwe kwenye thamani ya msingi, maana nyongeza isiyokosekana kamwe ni namba ya kawaida iliyoandikwa mahali pasipo pake. Vinavyobaki vichujwe kwa swali hili: je, mchezaji angeweza kufanya jambo ili kukipata au kukiepuka? Kupiga adui ubavuni kunabaki. Unyevu wa baruti hauna nafasi kwenye orodha ya kila mpigo. Kama siku hiyo mvua ilinyesha, iandikwe mara moja katika maelezo ya pigano husika.

Mara chache zaidi, tatizo ni idadi ya vikosi. Mchezaji mmoja humudu kati ya vikosi sita na kumi na viwili bila kuchoka, na akipewa thelathini, hakuna ufupisho wa kanuni utakaomwokoa. Na mara chache kabisa, watu hulalamikia urefu ilhali kinachowakera ni kukaa bure upande mmoja unapohamisha jeshi zima. Dawa ya hilo ni kupokezana kikosi kwa kikosi, ambako hakufupishi mchezo lakini huondoa kungoja.

Simama hapa ikiwa umeshaunganisha mitupo na kuchuja orodha, na zamu bado ni ndefu. Usiendelee kukata. Tafuta watu ambao hawajawahi kuuona mchezo huo, wape maandishi, ukae kando usiseme neno, utazame wanapokwama. Mtunzi hawezi kuifanya kazi hii mwenyewe, kwa sababu yeye husoma yaliyomo akilini mwake badala ya yaliyomo kwenye karatasi.

Dalili ya pili: matokeo hayaaminiki

Malalamiko haya kwa kawaida huja baada ya kikosi dhaifu kukishinda kikosi imara, na anayelalamika karibu kila mara ndiye aliyeshindwa. Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza ni wa hesabu, kwa kalamu, kabla ya mjadala wowote.

Kisababishi kikuu ni dadu chache kubeba uamuzi mkubwa. Ukitupa dadu kumi kwa kutafuta 4 au zaidi, takriban mara 89 katika kila 100 utapata mafanikio kati ya matatu na saba, na watu wataona kwamba hali ni ya kawaida. Ukitupa dadu mbili kwa lengo lilelile, robo ya mitupo haileti chochote na robo nyingine inaleta yote mawili. Wastani ni nusu katika hali zote mbili, lakini hisia ni tofauti kabisa. Basi ikiwa shambulio la brigedi nzima linaamuliwa kwa dadu moja, usibadilishe nguvu za brigedi. Ongeza idadi ya dadu, au tumia jumla ya dadu mbili, ambayo hukusanyika katikati.

Kisababishi kinachofuata ni ukubwa wa nyongeza ukilinganishwa na dadu. Kwenye dadu ya pande 20, moja ni asilimia 5. Kwenye dadu ya pande sita, moja ni karibu asilimia 17: anayehitaji 4 na kuwekewa punguzo mbili za moja moja sasa anahitaji 6, na uwezo wake umebaki theluthi ya ulivyokuwa. Punguzo la tatu linamzima kabisa. Kwenye jumla ya dadu mbili, athari inategemea mahali ulipo. Kutoka kuhitaji 7 hadi kuhitaji 8 unapoteza 6 kati ya nafasi 36. Kutoka 11 hadi 12 unapoteza 2 tu kati ya 36, lakini hizo ni theluthi mbili za nafasi zote ulizokuwa nazo. Mtunzi asiyeandika jedwali la uwezekano wa kila hali huwa anakisia, hata kama anaamini kwamba anapima.

Kisababishi cha tatu ni mapokeo yanayoaminiwa kuliko ushahidi. Mchezaji anajua kwamba kikosi fulani cha walinzi kilikuwa maarufu, na anataka umaarufu huo uonekane kila zamu. Sikiliza kwa heshima, kisha uulize kama anachokidai ni matokeo ya kawaida au ni tukio moja lililokumbukwa kwa sababu halikuwa la kawaida.

Wala usihukumu mizani ya pande mbili kwa michezo michache. Pande zenye nguvu sawa kabisa zikipambana mara tano, uwezekano wa upande mmoja kushinda mara nne au zote tano ni asilimia 37.5. Mtu anayepunguza nguvu za upande huo baada ya michezo mitano mara nyingi anaharibu kitu kizima. Ukifikia hatua ya kubishania tofauti ndogo kama hizi, mwombe mtu anayejua takwimu au uandishi wa programu ayachezeshe mapigano hayo maelfu ya mara kwenye kompyuta. Kwake ni kazi ndogo, mezani haifanyiki.

Dalili ya tatu: silaha hazifiki, au zinafika kila mahali

Hapa watu wengi hutafuta kosa mahali lisipokuwepo. Sanamu za milimita 28 huwa na uwiano wa takriban 1 kwa 56. Moto wa magobori ya mtutu laini ulikuwa na madhara makubwa ndani ya takriban mita 100, na mita 100 kwa uwiano huo ni karibu sentimita 179, yaani urefu wote wa meza ya kawaida ya sentimita 180 kwa 120. Bunduki ya kisasa inayolenga mita 300 ingehitaji zaidi ya mita tano. Kwa hiyo hakuna kanuni za sanamu za ukubwa huo zinazoweza kuwa na masafa ya kweli kwa uwiano wa sanamu, na anayelalamika kwamba gobori linafika sentimita 30 tu analalamikia meza yake.

Ukaguzi ni kuuliza kama kanuni zimetaja uwiano wa ardhi uliotengana na uwiano wa sanamu. Kutokuutaja ndiko kisababishi kikubwa. Tuseme milimita moja ya meza ni mita moja ya uwanja. Batalioni ya watu 600 katika safu tatu, kila mtu akichukua sentimita 55 za upana, ilishika mstari wa mita 110, ambao mezani ni sentimita 11. Gobori linafika sentimita 10. Uwiano kati ya upana wa kikosi na masafa ya silaha yake umehifadhiwa, na huo ndio uhusiano unaomfanya kamanda aamue lini afyatue na lini asogee. Kina cha kibao, yaani kipande bapa ambacho sanamu zimebandikwa juu yake, kwa upande mwingine, hakiwezi kamwe kuwa sahihi: kibao cha milimita 40 kinadai kwamba safu tatu za watu zilichukua mita 40 kwenda nyuma. Ndiyo maana ni vyema vipimo vyote vichukuliwe kutoka ukingo wa mbele, na nafasi kati ya mstari wa kwanza na wa akiba iongezwe kwa makusudi.

Mwendo una tatizo kama hilo. Hatua ya kawaida ya askari wa miguu wa Uingereza enzi za Napoleon ilikuwa 75 kwa dakika, kila moja inchi 30, yaani kama mita 57 kwa dakika. Zamu ikiwakilisha dakika 15, kikosi kingeweza kwenda zaidi ya mita 850, au sentimita 85 za meza yetu, ilhali kanuni nyingi hutoa 20 hadi 30. Tofauti hiyo si kosa. Ni muda wa kungoja amri, kunyoosha safu, kuvuka mitaro na kusimama bila sababu inayojulikana na yeyote aliye nyuma. Iandike wazi katika utangulizi wa kanuni, na malalamiko mengi yatatoweka bila kubadilisha hata sentimita moja.

Dalili ya nne: vikosi vinapigana hadi mtu wa mwisho

Kisababishi cha kawaida ni kanuni za ari, yaani za moyo wa kupigana, kutokuwepo, au kuwepo lakini kusahaulika kwa kuwa zimewekwa mwisho wa zamu, wakati kila mtu ameshaanza kufikiria zamu inayofuata. Zisogeze: kipimo cha ari kifanyike papo hapo kikosi kinapopata hasara, kabla dadu hazijaokotwa.

Dalili pacha, yaani majeshi kuyeyuka kabla ya kupigana, hutokana na kupima mara nyingi mno. Kikosi chenye nafasi ndogo ya kushindwa, moja kwa sita tu, kikipimwa mara sita kina nafasi ya karibu theluthi moja kubaki uwanjani. Kama kanuni zinataka kipimo kwa hasara, kwa kuona wenzao wakikimbia, kwa kushambuliwa na kwa kufa kwa ofisa, vipimo sita hupatikana ndani ya zamu mbili.

Marekebisho ya ndani zaidi, ambayo mimi nayapendekeza kwa mchezo wowote wa ngazi ya batalioni kwenda juu, ni kuacha kuhesabu maiti. Kila kikosi kiwe na hesabu moja ya uchakavu inayounganisha waliouawa, waliojeruhiwa, waliochoka, waliopotea na waliojificha. Inapofika kikomo, kikosi kinaondoka. Brigedia hakuwa na orodha ya waliokufa. Aliona kwamba kikosi bado kinasonga, au kimesimama, au kinarudi nyuma. Hesabu moja inafuta majedwali mawili au matatu, na bado inampa mchezaji uamuzi mgumu kuliko yote: kumtoa aliyechakaa kwenye mstari na kuingiza akiba sasa, au kungoja zamu moja zaidi. Sijaona mahali pengine katika utunzi wa kanuni ambapo wepesi na uhalisia vinasaidiana kwa kiasi hiki.

Dalili ya tano: mabishano kila zamu

Angalia kwanza maneno. Je, "kikosi", "kibao" na "sanamu" vimetumika kwa maana moja kitabuni kote? Je, imeandikwa kupima kunaanzia wapi? Je, "karibu" imepewa kipimo? Mengi huishia hapo. Baada ya maneno, chunguza mstari wa kuona. Kanuni ya kuinama na kutazama kwa jicho la sanamu inaonekana ya kweli sana, lakini inategemea mchongaji alimpa askari mkao gani; afadhali msitu uwe na mpaka uliochorwa, na yeyote aliye ndani yake zaidi ya kipimo fulani asionekane. Chunguza pia kanuni za kipekee. Kanuni ya kumi na mbili inayoanza na "isipokuwa" ni ushahidi kwamba kanuni ya msingi iliandikwa vibaya.

Mara chache, mabishano yanatokana na hali ambayo hakuna maandishi yangeweza kuitabiri, na hapo anayehitajika ni mwamuzi. Historia ya jambo hili ni ya zamani. Mchezo ambao ofisa wa Prussia, von Reisswitz, aliupeleka kwa jeshi la Prussia mwaka 1824 ulikuwa na waamuzi, dadu na majedwali ya hasara. Mwaka 1876, Verdy du Vernois, naye ofisa wa Prussia, alipendekeza sehemu kubwa ya majedwali iwekwe kando na mwamuzi aamue kwa uzoefu wake. Lakini waamuzi aliowafikiria walikuwa maofisa. Bila mtu ambaye pande zote mbili zinakubali ujuzi na haki yake, usiitumie njia hiyo. Bora jedwali lenye kasoro kuliko mwamuzi asiyeaminiwa.

Dalili ya sita: mchezo ni mwepesi, lakini majeshi yote ni sawa

Hii ni hitilafu ya waliokata kupita kiasi. Kisababishi cha kwanza ni kuondoa mabadilishano: kikosi chenye faida hakina gharama, kwa hiyo hakuna la kuchagua. Askari wa farasi wakiwa ni askari wa miguu wanaokwenda mbali zaidi, wamepoteza maana yao. Wape shambulio kali ambalo baada yake hawatawaliki kwa zamu nzima, na kanuni hiyo ya sentensi moja itamlazimisha mchezaji kufikiri kama aliyewaongoza. Kisababishi cha pili ni amri kutiiwa mno. Vikosi vyote vikisogea kila vinapoambiwa, tofauti ya jeshi lenye maofisa wazuri na lisilo nao haionekani popote, hata ukiongeza namba za silaha. Mtupo mmoja wa amri kwa kila brigedi unatosha. Rudisha kitu kimoja tu kwa wakati, na kirudi kama uamuzi, kisirudi kama jedwali.

Dalili ya saba: kila marekebisho yanazaa kosa jingine

Karibu kila mara, mambo mawili au zaidi yamebadilishwa kwa pamoja. Rudi kwenye toleo la mwisho lililochezeka, hifadhi nakala zenye tarehe, badilisha jambo moja. Kanuni za kampeni inayoendelea, yaani mfululizo wa michezo iliyounganishwa, zisiguswe hadi iishe, isipokuwa pande zote zikubali kwa maandishi. Kama kosa bado linahama kutoka sehemu moja kwenda nyingine, rudi kwenye karatasi yenye jibu la swali la kwanza. Huenda sehemu moja ya kanuni inamchukulia mchezaji kuwa kapteni na nyingine inamchukulia kuwa jenerali.

Acha kabisa kurekebisha peke yako katika hali tatu. Ukiwa huna uhakika silaha au kikosi kilifanyaje kazi kwa kweli, muulize mwanahistoria wa kipindi hicho au mtu aliyewahi kuitumia silaha yenyewe, na umuulize kuhusu mwendo na uamuzi badala ya kumwonyesha jedwali lako. Ukitaka kuuza kanuni zako, au ukiwa umetumia majina, picha au orodha kutoka kanuni za wengine, mwone mwanasheria wa hakimiliki kabla ya kuchapa. Na wajaribu watatu wasiojuana wakiisoma aya moja kwa maana tatu, mpe mhariri aya hiyo. Usimweleze ulikusudia nini mpaka amalize kuiandika upya.